Vipimo vya vinasaba na tiba ya ugumba kwa wanaume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanaume aliyepewa karatasi ya maabara yenye maneno asiyoyaelewa, na wa mke aliyekaa naye kwenye benchi la kliniki. Hauchukui nafasi ya daktari. Utakusaidia kumuuliza daktari maswali yenye maana, na kujua ni wapi pesa yako isiende.

Tumekaa mwaka mzima bila mimba. Je, hilo tayari ni tatizo?

Ndiyo, inafaa mkapimwe. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni ugumba pale mimba inapokosekana kwa miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Mke akiwa amevuka miaka 35, msisubiri mwaka. Miezi 6 inatosha. Na kuna wanaume wasiopaswa kusubiri kabisa: aliyeugua matubwitubwi baada ya kubalehe na korodani zikavimba, ambaye korodani zake zilichelewa kushuka utotoni, aliyefanyiwa upasuaji wa korodani au ngiri, na aliyewahi kutibiwa saratani.

Mimi kitandani sina shida. Kwa nini nipimwe?

Kwa sababu nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili. Sehemu kubwa ya shahawa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe ni chembe ndogo mno ndani ya majimaji hayo, wala hazionekani kwa macho. Mwanaume asiye na mbegu hata moja anaweza kutoa shahawa za rangi ileile na kiasi kilekile kama jirani yake mwenye watoto sita.

Katika karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mume ana mchango wake kwenye tatizo, peke yake au pamoja na mke. Hata hivyo utaratibu tuliouzoea ni wa kuonea. Mke hupigwa picha ya mirija, hunywa vidonge vya kupevusha mayai, hupelekwa kwa waganga, husemwa na mawifi, na miaka hupita kabla mume hajapeleka kikopo kimoja maabara. Kipimo cha mbegu hakiumi na ni cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu anachofanyiwa mke. Kiwe cha kwanza.

Nina mtoto niliyempata zamani. Bado nipimwe?

Ndiyo. Mishipa ya korodani inaweza kuvimba ukubwani, ugonjwa wa zinaa unaweza kuziba mirija, na sindano za kutunisha misuli zinaweza kusimamisha mbegu. Ila vipimo vya vinasaba huenda visiwe vya kwanza kwako.

Namba za kipimo cha mbegu zisomwe vipi?

Kwanza sampuli iwe nzuri. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, usitumie kondomu ya kawaida, mafuta, sabuni wala mate, na kama unakusanyia nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa karibu na mwili ili isipoe. Tone la kwanza likimwagika, sema, maana mbegu nyingi huwa kwenye tone hilo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, toleo la sita, unaweka viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Usishtuke kuona asilimia 4. Hata wanaume wenye watoto wana mbegu nyingi zenye maumbo ya ajabu. Baadhi ya maabara bado huchapa kiwango cha kale cha milioni 20, kwa hiyo mtu mwenye milioni 17 huandikiwa "chini" na kurudi nyumbani na huzuni isiyo na sababu.

Viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, na vinaonyesha mahali walipokuwa wale 5 wa chini kati ya 100. Si ukuta kati ya mzazi na mgumba. Kipimo kikiwa kibaya, rudia baada ya wiki kadhaa, maana homa kali ya malaria ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye karatasi ya leo. Mbegu huchukua takribani siku 74 kutengenezwa.

Nimeandikiwa "hakuna mbegu". Ndiyo basi?

Hapana. Uliza kwanza kama maabara ilizungusha shahawa kwenye mashine na kutafuta mbegu kwenye mashapo yaliyobaki chini. Mara nyingine huwa zipo chache. Kisha rudia kipimo. Hali hii humpata takribani mwanaume 1 kati ya 100, na kati ya wanaume wenye ugumba ni 10 hadi 15 kwa kila 100.

Ikithibitika, swali linalofuata ni moja: kiwanda kimelala, au barabara imeziba? Korodani za ukubwa wa kawaida na homoni ya FSH (ishara ya ubongo ya kuamsha korodani) ya kawaida huelekeza kwenye kuziba. Korodani ndogo na FSH iliyopanda huelekeza kwenye uzalishaji. Shahawa chache mno zenye asidi huashiria kwamba mirija ya mbegu au vifuko vya shahawa vimeziba au havipo. Daktari wa mfumo wa mkojo anayekupima kwa mikono yake anaweza kugundua mengi kabla ya mashine yoyote, na daktari asiyekugusa korodani hajakupima.

Kwetu kuziba kuna sababu zake za kawaida: kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa vizuri, upasuaji wa zamani wa ngiri, na kwa watu wa kanda ya ziwa na mabonde ya pwani, kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hukaa hadi kwenye vifuko vya shahawa na kuleta damu kwenye manii. Hakuna kipimo cha vinasaba kinachohitajika kutambua hayo.

Basi vipimo vya vinasaba ni vya nani?

Vipimo hivi hutazama jeni, yaani maelekezo ya urithi, na kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba jeni hizo ndani ya seli. Si vya kila mtu, na kliniki inayompeleka kila mwanaume moja kwa moja kwenye vinasaba inakuuzia karatasi. Hufikiriwa pale ambapo:

- hakuna mbegu na haionekani kuwa ni kuziba kwa maambukizi au upasuaji;
- mbegu ni chache mno, kwa kawaida chini ya milioni 5 kwa mililita (kwa kipimo cha kromosomu Y miongozo mingine hushuka hadi milioni 1);
- daktari hawezi kuipapasa mirija ya mbegu upande mmoja au pande zote;
- mimba zinashika lakini zinatoka mara kwa mara;
- kuna dalili za mwili mzima, kama kubalehe kusikokamilika au kukosa uwezo wa kunusa.

Na kabla ya hapo taja dawa zako zote. Mgonjwa wa sikoseli anayetumia haidroksiyurea anaweza kuwa na mbegu chache kwa sababu ya dawa hiyo. Asiiache mwenyewe, maana dawa hiyo inamlinda. Amwambie daktari wake, na kijana anayeanza dawa aulize kama inawezekana kugandisha mbegu mapema.

Ni vipimo gani hasa?

Vitatu ndivyo vya msingi.

Cha kwanza ni hesabu ya kromosomu, ambayo kwenye fomu huitwa kariotaipu. Maabara huotesha seli za damu, huzisimamisha zikiwa zinagawanyika, kisha mtaalamu huhesabu na kupanga kromosomu, zinazopaswa kuwa 46. Kwa wanaume wasio na mbegu kabisa, kasoro hupatikana kwa takribani 10 hadi 15 kati ya 100.

Cha pili huangalia kama vipande vimekatika kwenye mkono mrefu wa kromosomu Y, eneo liitwalo AZF. Cha tatu ni cha jeni ya CFTR, kwa mwanaume ambaye mirija yake ya mbegu haipo.

Zaidi ya hivyo kuna vipimo vinavyosoma jeni nyingi kwa pamoja. Vina maana kwa hali mahususi, mfano mbegu zote zina kichwa cha duara kisicho na kofia, au zote zimekufa ganzi wakati mwenyewe ana mafua na kikohozi tangu utoto. Huyo wa pili anaweza kuwa na kasoro ya vijinywele vya seli inayogusa mapafu na mikia ya mbegu kwa pamoja, na wakati mwingine moyo wake huwa upande wa kulia. Nje ya hapo, orodha ya "jeni mia mbili za uzazi" inayouzwa mtandaoni mara nyingi huleta majibu ambayo hakuna daktari anayejua ayafanyie nini.

Jambo moja lisemwe mapema: wanaume wengi wanaopimwa vyote vitatu huambiwa kila kitu ni sawa, na sababu ya ugumba wao haijulikani bado. Jibu safi halimaanishi kuwa hakuna chanzo cha kijenetiki. Linamaanisha kuwa vyanzo vile vinavyojulikana zaidi havipo.

Nimeambiwa nina XXY. Je, mimi si mwanaume kamili?

Wewe ni mwanaume. Kromosomu Y unayo, na ndiyo iliyotengeneza korodani zako ulipokuwa tumboni. Wanaume wengi wana XY, wewe una X moja ya ziada, iliyoingia kwa bahati kwenye yai au kwenye mbegu. Hakuna aliyekuloga, na wazazi wako hawakukosea kitu.

Hali hii inaitwa Klinefelter, kwa jina la daktari Harry Klinefelter aliyeieleza huko Boston mwaka 1942. Mwaka 1959 watafiti wa Edinburgh walionyesha kuwa chanzo ni X hiyo ya ziada. Humpata takribani mtoto 1 kati ya kila wavulana 600 wanaozaliwa, na wengi hufa wazee bila kujua. Wengine huwa warefu, wenye ndevu chache, matiti kidogo na korodani ndogo ngumu. Wengine hawana dalili yoyote zaidi ya kukosa mtoto, na hapo ndipo wanapogunduliwa.

Kwenye shahawa kwa kawaida hakuna mbegu. Lakini ndani ya korodani huweza kubaki visiwa vidogo vinavyotengeneza mbegu, na upasuaji wa hadubini huzipata kwa takribani wanaume 4 hadi 5 kati ya 10. Watoto wengi waliozaliwa kwa njia hiyo wana kromosomu za kawaida.

Hapa pana kosa linalofanyika mara nyingi. Mtu akigundulika hivi, homoni yake ya testosteroni huwa chini, na daktari mwenye nia njema humwanzishia sindano za testosteroni. Sindano hizo huzima kazi yoyote iliyobaki kwenye korodani. Kama unataka mtoto, sema kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya suala la uzazi kukamilika, testosteroni inaweza kuwa tiba nzuri kwako kwa ajili ya mifupa, misuli na damu. Pimwa sukari pia, na uvimbe wowote kwenye titi usiupuuze, kwa sababu hatari ya saratani ya matiti ni kubwa kuliko kwa wanaume wengine.

Karatasi imeandikwa AZFa, AZFb au AZFc. Herufi moja inabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Watafiti wawili wa Italia, Tiepolo na Zuffardi, waligundua mwaka 1976 kuwa kipande cha kromosomu Y kikikosekana, mbegu hazitengenezwi. Baadaye eneo hilo likagawanywa kwa herufi.

AZFa ikiwa imekatika yote, korodani hazina seli za kuzalisha mbegu. AZFb ikikatika yote, seli zipo lakini hukwama njiani kabla ya kukomaa. Katika hali zote mbili upasuaji wa kutafuta mbegu haupendekezwi, kwa sababu hazipatikani. AZFc ni habari nyingine. Wapo wenye mbegu chache kwenye shahawa zenyewe, na kwa wasio nazo, upasuaji huzipata kwa karibu nusu yao.

Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kinachojilipa kuliko vyote. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na upasuaji, na kinaweza kumwokoa mtu asipasuliwe bure baada ya kuuza kiwanja. Ukitajiwa tarehe ya upasuaji kabla ya jibu la AZF kutoka, omba isogezwe mbele.

Daktari amesema sina mirija ya mbegu. Inawezekanaje mtu azaliwe bila mirija?

Inawezekana, na mara nyingi mhusika ni jeni ya CFTR. Jeni hii ikiharibika pande zote mbili kwa ukali, huleta ugonjwa wa mapafu na kongosho wenye ute mzito. Ikiharibika kwa kiasi kidogo, mtu anaweza kuishi na mapafu mazima huku mirija ya mbegu tu ndiyo ikikosekana. Korodani zake zinatengeneza mbegu kama kawaida. Hazina pa kupita.

Urithi wake unafanana na wa sikoseli, na bahati mbaya huo tunaufahamu. Mwenye nakala moja mbovu haumwi. Mume na mke wakiwa nazo wote wawili, mtoto anaweza kupata zote mbili. Ndiyo maana mke lazima apimwe kabla ya kutafuta mimba. Wanaume wengi wa aina hii wana mabadiliko kwenye nakala zote mbili, kwa hiyo mke akiwa mbebaji, uwezekano wa mtoto kurithi pande zote hufika nusu, na ukali wa ugonjwa hutegemea mabadiliko yenyewe.

Sasa angalia jambo ambalo maabara nyingi hazitalitaja. Vifurushi vingi vya CFTR vilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na hutafuta kwanza badiliko liitwalo F508del, ambalo ndilo la kawaida kwao. Kwa watu wenye asili ya Afrika kuna mengine, likiwemo 3120+1G>A, ambayo kifurushi kifupi kinaweza kuyaruka. Uliza: "Kipimo hiki kinasoma jeni nzima, au orodha ya mabadiliko machache?" Kama ni orodha, ona kama ina yale ya Waafrika. Jibu safi kutoka kwenye orodha fupi lisikutulize sana.

Fanya pia ultrasaundi ya figo. Baadhi ya wanaume wasio na mirija wana figo moja tu, na kwao chanzo mara nyingi si CFTR.

Sijawahi kunusa harufu, na sauti yangu haikuwa nzito. Kuna uhusiano?

Upo, na hii ndiyo sababu ya kijenetiki inayotibika vizuri zaidi. Inaitwa Kallmann. Ubongo hautumi ishara ya kuamsha korodani, na mishipa ya kunusa haikukua. Tiba ni sindano za homoni, hCG na mara nyingi FSH, kwa miezi mingi, wakati mwingine hadi miaka miwili. Wengi hupata mbegu zao wenyewe, na wengine hupata mimba nyumbani bila maabara. Tofauti na wengine wengi kwenye ukurasa huu, kwako FSH ikiwa chini ni habari njema.

Mbegu zangu ni chache tu, lakini mke amepoteza mimba tatu. Kwa nini wote wawili tumepimwa kromosomu?

Kwa sababu vipande vya kromosomu vinaweza kubadilishana nafasi bila kupungua wala kuongezeka (kwenye karatasi huandikwa "translocation"). Mwenye hali hiyo ni mzima kabisa. Tatizo hutokea anapogawa nusu kwa mtoto: baadhi ya mbegu au mayai hubeba kipande pungufu au cha ziada, na mimba hutoka. Anaweza kuwa mume, anaweza kuwa mke. Mimba nzima inawezekana pia bila msaada wowote, kwa hiyo msikate tamaa kwa kuliona neno hilo kwenye karatasi.

Damu inachukuliwaje, na kwa nini majibu yanachelewa?

Kwa AZF na CFTR hutumika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na damu huvumilia safari vizuri. Kwa hesabu ya kromosomu kichupa huwa cha kijani na seli lazima ziwe hai, kwa sababu zinaoteshwa kwa takribani saa 72. Maabara nyingi za Afrika Mashariki husafirisha sampuli za aina hii nje ya nchi. Damu iliyokaa kwenye joto au iliyogandishwa haioti, na utaitwa utoe nyingine. Toa damu mwanzoni mwa wiki, na uulize ndege inaondoka lini. Majibu ya wiki mbili hadi nne ni ya kawaida.

Hiki si ndicho kipimo cha DNA cha Mkemia Mkuu?

Sicho. Kule Tanzania watu wengi hukijua kipimo cha DNA cha ofisi hiyo ya serikali kwa kesi za mtoto ni wa nani. Vipimo vinavyoelezwa hapa havionyeshi baba wa mtoto yeyote, na hakuna sababu ya kuvihofia kwa ajili hiyo.

Na kipimo cha kuvunjika kwa DNA ya mbegu?

Hicho nacho ni kitu kingine. Kinapima uharibifu ndani ya mbegu zilizokwisha kutengenezwa, unaotokana na sigara, joto, maambukizi au umri. Hakisomi urithi wako. Kinaweza kusaidia kwa wanaopoteza mimba mara kwa mara. Si cha kuanzia.

Kuna dawa ya kurekebisha jeni? Au virutubisho?

Dawa ya kurudisha kipande cha Y kilichokatika au kuondoa X ya ziada haipo. Anayekuuzia, iwe kwa chupa ya mizizi au kwa kidonge chenye picha ya simba, anakuibia.

Kuhusu zinki na foliki asidi, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia wanandoa 2,370. Mbegu hazikuwa bora, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Kula vizuri, acha sigara, punguza pombe, usiweke kompyuta yenye joto mapajani. Hayo yana faida kwa kila mwanaume, ila hayatamrudishia mbegu mwenye AZFa.

Na testosteroni, kwa mara nyingine: iwe ya hospitali au ya jimu, inapunguza mbegu na inaweza kuzimaliza kabisa. Ukiacha, kwa wengi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine huchelewa zaidi.

Nina varikosili pia. Nifanyiwe upasuaji?

Varikosili, yaani mishipa ya korodani iliyovimba, ipo kwa wanaume karibu 15 kati ya 100, na wengi wao wana watoto. Inayopapasika kwa mkono na yenye mbegu dhaifu hufaa kurekebishwa. Ile iliyoonekana kwenye ultrasaundi tu, iache. Kama kipimo cha vinasaba kimeonyesha chanzo kikubwa, upasuaji wa mishipa hautakiondoa.

Mbegu zikiwa ndani ya korodani, zinatolewaje?

Palipoziba, sindano hutosha mara nyingi. Ambapo uzalishaji umelala, hutumika upasuaji wa hadubini uliobuniwa na Peter Schlegel wa New York mwishoni mwa miaka ya 1990: korodani hufunguliwa na daktari hutafuta vijirija vilivyonenepa, ambavyo ndivyo vyenye uwezekano wa kuwa na mbegu. Testosteroni inaweza kushuka baadaye, hivyo ipimwe.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Hadubini ya upasuaji ipo kweli, au watakata vipande kwa kubahatisha? Nani atatafuta mbegu papo hapo, na wana uwezo wa kuzigandisha? Daktari amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi?

Halafu zinatumikaje?

Kwa ICSI: mbegu moja huchomwa ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba. Njia hii ilileta mimba za kwanza huko Brussels, zikatangazwa mwaka 1992 na Gianpiero Palermo na wenzake, miaka 14 baada ya mtoto wa kwanza wa IVF (mimba iliyotungishwa nje ya mwili) kuzaliwa Uingereza. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006.

Ujue kwamba sindano za kila siku, usingizi wa dawa na kutolewa mayai vinamwangukia mke, hata kama tatizo ni lako. Umri wake ndio unaoamua matokeo kuliko karibu kitu chochote kingine. Mume anayeahirisha kipimo chake kwa miaka mitano anatumia miaka ya mayai ya mkewe. Bima nyingi hazilipi huduma hii. Pata jibu la maandishi.

Mtoto wetu atarithi tatizo?

Inategemea karatasi yako. Mwenye AZFc atampa kila mtoto wa kiume kromosomu Y ileile, kwa hiyo mwana atakosa kipande kilekile na huenda akahitaji msaada akikua. Mabinti hawarithi. Wapo wazazi wanaosema, mwanangu akiwa kama mimi, dawa zitakuwa zimesonga mbele, na wapo wanaochagua vingine. Wote wana haki, mradi waliambiwa kabla.

Kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) kinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, hasa kwa CFTR, sikoseli au kromosomu zilizobadilishana. Hakuna kipimo kinachohakikishia mtoto asiye na ugonjwa wowote, na hakiongezi mayai mliyonayo.

Dini inaruhusu?

Hili ni lenu na viongozi wenu, lakini misimamo mikuu inajulikana. Fatwa ya Al-Azhar, taasisi ya Kiislamu ya Cairo, ya mwaka 1980 ilikubali upandikizaji ukiwa kwa mbegu za mume na yai la mke ndani ya ndoa, na ikakataa mbegu za mtu wa tatu. Wanazuoni wengi wa Kisunni wako hapo. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa 1987, halikubali IVF hata kwa mume na mke. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humwachia muumini na dhamiri yake. Vipimo vyenyewe vya damu havina ubishi popote. Wengine hukwama tu kwenye namna ya kupata sampuli ya shahawa, na hapo ipo kondomu maalumu isiyo na dawa, inayotumika mtu akiwa na mkewe.

Na kama mbegu hazipo kabisa?

Zimebaki mbegu za kuchangiwa kwa wanaozikubali, kuasili mtoto, kafala (kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba) kwa Waislamu, au kuishi wawili. Tanzania Bara kuasili kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 na huanzia Ustawi wa Jamii. Kenya ni Sheria ya Watoto ya 2022. Kumlea mtoto wa ndugu bila hati ni jambo la kawaida kwetu, lakini siku mnapogombana na ndugu huyo, hati ndiyo itakayomlinda mtoto.

Nani aambiwe majibu?

Mke kwanza, ikiwezekana mkiwa chumba kimoja na mshauri. Majibu ni yako, na kliniki haina ruhusa ya kumpa mama yako wala kaka yako bila idhini yako. Ila kama ni kromosomu zilizobadilishana au CFTR, ndugu zako wa tumbo moja wanaweza kuwa nazo, wa kike kwa wa kiume, na dada yako anayepoteza mimba angependa kujua. Unaweza kumwambia tu kwamba kuna kipimo cha damu cha familia anachopaswa kuomba, na ukamwandikia jina la badiliko hilo kwenye karatasi ampelekee daktari wake.